Makaro ya Madrasa na Mistari ya Safu



Ndugu wazazi na wanafunzi, hapa Nyamirambo, Kigali, tumekuwa na mjadala mrefu: tupange vipi makaro, yaani vigae, katika chumba cha kuswalia cha madrasa ya watoto wetu? Fedha ni za sadaka, na waliotoa si matajiri. Kila katoni tutaulizwa, na watu na Mola wetu.

Chumba ni mita 4 kwa 5. Vigae ni vikubwa, sentimita 60 kwa 120, viwili kila katoni. Vijana walitaka vipangwe kama matofali ya ukuta, kila kigae kianzie katikati ya mwenziwe. Fundi akakataa: kigae kirefu huwa kimepinda kidogo katikati, na ncha ya kimoja ikikutana na tumbo la kingine, ukingo huinuka na kuumiza vidole. Alikubali kusogeza theluthi moja tu, si zaidi. Wazee walitaka mraba wa kawaida, pembe nne zikutane, sambamba na ukuta, ili tusitupe vipande vingi. Walimu walitaka mraba huohuo, ila ugeuzwe kuelekea kibla.

Ukuta wa mbele umeelekea kaskazini, na kibla cha Kigali ni takriban nyuzi 22 kutoka kaskazini kwenda mashariki. Watoto hufuata mstari wanaouona chini. Zulia likitolewa kufuliwa, hupanga safu kwa kufuata ukuta, na mwalimu huanza kuwageuza mmoja mmoja.

Tukapiga hesabu. Sambamba na ukuta, pamoja na asilimia 10 ya ziada, ni katoni 16. Tukigeuza, kwa ziada ya asilimia 20, ni katoni 17. Tofauti ni katoni 1, na vipande vitakavyobaki vitazungushwa chini ya ukuta. Hapo wazee wakaridhika kwamba si israfu. Tena vigae viwili kwa upana wake ni sentimita 120, nafasi ya kurukuu na kusujudu, basi kila mstari wa pili ni safu.

Fundi atavuta uzi kwanza, nasi tutauhakiki kwa dira, mbali na nondo. Mnaojenga kwenu mnaweza kutumia jua pia. Tarehe 27 au 28 Mei, na 15 au 16 Julai, jua hupita juu ya Al-Kaaba. Kwa saa za Kigali ni saa 5:18 asubuhi mwezi Mei na saa 5:27 mwezi Julai. Kampala, Nairobi na Dar es Salaam ongezeni saa moja. Simamisheni kijiti wima: kivuli kitalala upande ulio kinyume na kibla.

Hatusemi kwamba swala zilizopita zina kasoro. Kwa aliye mbali na Makka, wanazuoni wengi wameona kuelekea upande wake kunatosha. Lakini kunyoosha safu tumeamrishwa, na sakafu hii itawakumbusha watoto hata siku ambayo mwalimu hayupo.

Wabillahi tawfiq.