Njia ya Malaba: Kijana Aanzapo Kazi ya Lori

Sifa zote njema zamstahiki Allah, aliyeifanya ardhi kuwa nyepesi kwetu tupate kutembea pande zake na kutafuta riziki yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye kabla ya kupewa utume alisafiri na mali ya Bibi Khadija (r.a.) hadi Sham, akairudisha na faida yake bila kupungua kitu.

Ama baad. Wazee wetu wa Mwambao walimjua baharia. Walijua msimu wa kwenda kwake na msimu wa kurudi, na mke wake alijua ni pepo zipi za kungojea. Leo, katika mitaa ya Changamwe, Mikindani, Miritini hata Kisauni, baharia wetu yu juu ya magurudumu. Kila siku malori hutoka bandari ya Kilindini yakiwa na makontena ya Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Kongo, nayo hushika barabara moja hadi Malaba, masafa ya zaidi ya kilomita 900. Mama zetu wameniuliza mara nyingi baada ya darsa: mwanangu ameandikwa na kampuni kubwa ya usafirishaji, ndiyo kwanza aanza, nimuusie nini? Nimeonelea jibu lake liandikwe kwa kuifuata njia yenyewe, kwa kuwa kila kituo kina wasia wake.

Kwanza tuseme juu ya kuingia kazini. Kijana hakabidhiwi lori lenye tela kwa kuwa ajua kushika usukani. Yataka leseni ya daraja la CE, na daraja hiyo haifikiwi ila kwa kupanda kutoka magari madogo. Wengi huanza kuwa utingo, wakifunga turubali, wakibadilisha magurudumu na kulala chini ya tela, kabla ya kuaminiwa. Kampuni kubwa humpima macho na afya, humtahini uwanjani kurudi nyuma na tela, kisha aghalabu humpakia pamoja na dereva mkongwe safari za mwanzo. Huyo mkongwe ni ustadhi wake, na kijana mwenye adabu atamsikiliza kama alivyomsikiliza mwalimu wa chuoni: namna ya kugonga magurudumu asubuhi, kupima upepo wa breki, kuangalia kiungo cha tela na taa zote kabla ya kutia ufunguo. Anayeona haya kushuka kukagua kwa sababu wenziwe wameshaondoka, huyo hajawa dereva.

Kontena hufungwa sili, na bidhaa zipitazo kwenda nchi jirani hutiwa kifaa cha elektroniki ambacho mamlaka za ushuru hukifuatilia njia nzima. Lori nalo lina chombo chake kinachoiambia kampuni lilipo, na kidhibiti mwendo kinacholizuia lisipite kilomita 80 kwa saa. Vijana wengine huona vitu hivi ni dharau. Mimi naona ni ukumbusho. Muumini amezoea kuonwa, na alizoea kabla hakijatengenezwa chombo chochote.

Kituo cha mwanzo ni mizani ya Mariakani. Hapo lori hupimwa ekseli kwa ekseli, na lile lenye ekseli 7 halipaswi kuzidi tani 56, gari na mzigo pamoja. Uzito ukizidi barabara huharibika, na barabara ni mali ya umma. Amri ya kutopunja vipimo imo katika Kitabu chetu, basi dereva Mwislamu asiwe wa kutafuta mlango wa nyuma mizanini. Akipakiwa kupita kiasi aseme kabla hajatoka yadi, kwa sababu mbele ya mizani ni yeye atakayeulizwa.

Baada ya Mariakani minazi hukoma na nyika huanza. Mackinnon Road pana msikiti kando ya reli, na ndani yake kaburi la Sayyid Baghali, aliyekuja kutoka Bara Hindi kujenga reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896. Watu husimulia kwamba karai la mchanga lilikuwa likielea juu ya kichwa chake. Ilmu ya hayo iko kwa Allah. Lililo wazi ni kwamba alikuwa mfanyakazi wa njia hii, mbali na kwao, na watu wakamkumbuka kwa uchamungu wake. Kijana asimame hapo, aswali, amwombee maiti rehema, na haja zake amwombe Mola peke yake.

Kutoka Voi barabara huipasua Tsavo. Ndovu huvuka usiku, na taa za lori huwaona wakati umekwisha. Wakongwe husema Tsavo haitaki dereva mwenye haraka wala mwenye usingizi. Mtito Andei ni karibu na nusu ya safari ya Nairobi, na hapo ndipo kijana wetu atakapoonyeshwa kwa mara ya kwanza dawa ya usingizi: muguka. Ataambiwa kuwa hakuna dereva asiyetafuna. Si kweli. Dawa ya usingizi ni usingizi. Mtume (s.a.w.) ameifananisha safari na kipande cha adhabu kwa kuwa humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Basi anayejinyima zaidi ya inavyomnyima safari anaidhulumu nafsi yake, na anawadhulumu walio katika matatu inayokuja mbele yake.

Mbele, Makindu, pana hekalu la Masingasinga ambalo miaka mingi humlisha mpita njia bila kumwuliza dini yake wala kumdai senti. Nalitaja ili tujiulize: misikiti yetu ya barabarani ina maji ya kutosha ya udhu? Ina kivuli cha dereva kunyoosha mgongo kwa saa moja?

Ikishapitwa Nairobi, njia ya Mai Mahiu huteremka Bonde la Ufa kwa barabara iliyochongwa na mateka wa Kiitalia wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kisha Naivasha, mizani ya Gilgil, Nakuru, na baadaye mpando wa kwenda Timboroa, ambako baridi humkuta mtoto wa Pwani amevaa fulana. Mama mwenye kutia koti katika mkoba wa mwanawe amefanya jambo la maana.

Sasa tufike Salgaa, na hapa naomba tuende polepole. Ni mji mdogo baada ya Nakuru, ambapo malori hulala kwa mamia. Aijuaye dunia ajua kinachouzwa penye wanaume wengi walio mbali na wake zao. Lakini liko jingine lisilosemwa majumbani. Mteremko wa Sachangwan kuja Salgaa ni mrefu, na dereva wa haki huushuka kwa gia nzito, injini ikilishika lori ili breki zisishike moto. Dereva mwingine hutoa gia, akaliacha lori liporomoke kwa uzito wake. Kwa nini? Kwa sababu hivyo dizeli haitumiki, na dizeli iliyobaki tangini huna mnunuzi wake kando ya barabara, mwenye mpira na madumu. Lori likishika kasi, breki zikawaka, hapana tena cha kulizuia ila kilicho mbele yake.

Sisemi kila ajali ya njia ile ina sababu hiyo. Nasema njia ile yatosha kumtisha mtu. Januari 2009, hapo Sachangwan, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukaruka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likawavamia wachuuzi na abiria waliosimama kando, na zaidi ya watu 50 wakafa. Baada ya kuyajua haya, mtu hawezi kusema kwamba lita chache za dizeli ya kampuni ni jambo dogo ambalo tajiri hatalihisi. Lita ile ni hiana katika amana. Na mara nyingine bei yake hulipwa na mama aliyesimama barabarani akiuza viazi, asiyejua hata jina la dereva.

Huu ndio wasia mkubwa kwa kijana mpya, kwa kuwa majaribu haya humjia mapema. Haji mtu kumwambia iba. Humjia mwenziwe akamwambia hii ni desturi, wote hufanya, wewe utajifanya nani? Ajibu kwa upole: mimi nimechukua amana. Ajue pia kuwa atakayekataa mara tatu za mwanzo, ya nne hataombwa.

Tena kuna ibada. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i (r.a.), safari ya Malaba yaruhusu kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha, na kuzikusanya sala, akishayavuka majengo ya mji wake. Akiwa na nia ya kukaa mahali siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, ataswali timamu tangu afikapo. Lakini akiwa katika foleni ya mpakani, kila siku akitaraji kuondoka kesho na kesho haiji, ana ruhusa ya kupunguza hadi siku 18. Na yule ambaye safari ndiyo maisha yake, kutimiza sala ni bora kwake. Katika Ramadhani, aliyetoka nyumbani baada ya alfajiri hufunga siku hiyo. Akipambazukiwa safarini ana ruhusa ya kula, naye atalipa. Wako wanavyuoni wetu waliosema kwamba msafiri wa daima asifungulie ila awe na wakati anaotarajia kulipa, kwa kuchelea deni lisije likamzika. Dumu la maji ya udhu na mkeka havichukui nafasi kubwa ndani ya lori.

Riziki hii nayo yapanda na kushuka. Reli mpya ilipoanza kuchukua makontena mwaka 2018, malori mengi yalilala yadi, na hoteli za Mariakani na Mtito Andei zikakosa wateja. Mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana kila Jumatatu kwa ajili hiyo. Kijana aliyepata kazi leo aweke akiba leo. Riziki ni ya Allah, lakini kuiweka vizuri ni juu yetu.

Neno la mwisho ni kwa mama zetu na dada zetu, kwani dereva ana safari mbili: ya barabara, na ya yule aliyemwacha nyumbani. Sayyidna Umar (r.a.) aliposikia mke wa askari akilalamika usiku kwa upweke, alimuuliza bintiye Hafsa (r.a.) muda ambao mwanamke aweza kuvumilia, kisha akaweka mpaka wa askari kukaa mbali, riwaya moja yataja miezi minne, nyingine sita. Haki ya mke haikusahauliwa wakati wa vita, basi isisahauliwe kwa sababu ya kontena. Dereva akirudi alale kwake, asilale yadi kungojea mzigo wa haraka.

Nawe uliye nyumbani, usimpigie simu ukijua yu njiani. Subiri apige akisimama. Akichelewa siku mbili usimpokee kwa hesabu. Na akileta pesa zaidi ya mshahara na posho yake, muulize zimetoka wapi. Usione haya. Wamesimulia wanavyuoni kwamba wanawake wema wa zamani walikuwa wakimwambia mume anapotoka asubuhi ajihadhari na chumo la haramu, kwani wao na watoto wangeweza kuvumilia njaa, lakini Moto hawauwezi. Maneno hayo yamfae kila mke wa dereva, ayaseme mlangoni, pamoja na dua ya safari.

Allah awahifadhi vijana wetu wa barabarani, awarudishe kwa ahli zao salama, na amana zao zikiwa timamu. Wabillahi tawfiq.