Mita Tatu

Oskar Barnack alikuwa na pumu. Alifanya kazi katika kiwanda cha hadubini cha Ernst Leitz, mjini Wetzlar, Ujerumani, na alipenda sana kutembea nje ya mji akipiga picha. Kamera za wakati ule zilikuwa masanduku mazito, na zaidi ya hayo ulibeba sahani za vioo na miguu ya kuzisimamishia. Mzigo wa kumkata pumzi hata mtu mwenye mapafu mazima. Kwa hiyo, kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, akaunda kamera ndogo ya chuma inayotumia filamu ya sinema ya milimita 35. Picha moja ya sinema aliiona ndogo mno, akachukua nafasi ya mbili: milimita 24 kwa 36. Kipimo hicho bado tunakitumia. Kamera yenyewe, Leica, ilionyeshwa Leipzig mwaka 1925, na lenzi yake aliibuni Max Berek, mtaalamu wa hadubini katika kiwanda hichohicho. Jina lililodumu ni Elmar: milimita 50, na tundu la mwanga lisilofunguka kupita 3.5.

Elmar ninayoitumia ni ya miaka ya 1930. Nimeifunga kwenye Leica M3, kamera iliyotoka mwaka 1954, kwa pete nyembamba inayounganisha skurubu ya zamani na mdomo mpya. Lenzi hii hujikunja. Unaivuta, unaizungusha kidogo mpaka ikaze, ndipo inakuwa tayari. Ukimaliza unairudisha ndani ya kamera, na kinachobaki nje ni kipande kifupi tu cha chuma. Haifiki gramu 150. Nikitembea nayo Kariakoo hakuna anayegeuka, na hakuna anayejiweka sawa kana kwamba amefikiwa na watu wa televisheni.

Ila inadai jambo moja. Kijipini cha kubadilishia tundu la mwanga kiko mbele kabisa, kando ya kioo. Huwezi kukifikia jicho likiwa kwenye dirisha la kamera. Lazima uigeuze kamera ikutazame, usome namba zilizochongwa pale, na namba zenyewe ni za kizamani: 3.5, 4.5, 6.3, 9, 12.5, 18. Kipima mwanga cha leo kikikwambia 8, unaweka 9 na kuendelea na safari. Umbali nao una kijimkono chake pembeni, na kwa mazoea kidole kinajua mita 3 ziko wapi bila macho kusaidia. Ukiweka 9 na mita 3, kila kilicho kati ya mita 2 na robo hivi na mita 4 na kitu kitatoka vizuri. Yote haya unayafanya kabla, ukiwa bado kivulini, hujamkaribia mtu yeyote.

Nimeipenda lenzi hii kwa sababu hiyo hasa. Kamera za kisasa hukuruhusu kuamua kila kitu mbele ya mtu: unasogeza, unabonyeza, unaangalia kioo cha nyuma, unarekebisha, unaangalia tena, naye amekaa anakungoja kama mgonjwa anayepimwa presha. Ninapofika na Elmar, maamuzi yameshakwisha. Iliyobaki ni salamu.

Kuna mzee mmoja fundi cherehani ambaye baraza yake naipita mara kwa mara. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa mguu, utepe wa kupimia haumtoki shingoni, na kipande cha chaki amekiweka pale kwenye ukingo wa meza ambapo mbao imelika kwa kuwekewa chaki miaka yote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamwomba nimpige picha akiwa kazini. Akasema nipige, ila yeye haachi kushona, suruali ya watu inafuatwa adhuhuri. Dirisha la M3 linaonyesha vitu karibu na ukubwa wake halisi, kwa hiyo unaweza kuacha macho yote mawili wazi. Jicho moja linaona fremu ya picha, jingine linaona mtaa mzima. Nikamwona mtoto anakuja na sare ya shule mkononi kabla hajaingia kwenye fremu. Mzee akainua uso kumtazama, uzi ukiwa bado katikati ya meno, nami nikabonyeza.

"Haya, nione," akasema.

"Bado iko kwenye filamu, mzee. Nikishasafisha nitakuletea."

Akacheka. "Kama zamani. Njoo Jumatatu!"

Nilipompelekea picha, aliiinamia kwa muda. Uso wake hakuushughulikia. Aliutazama mkono, akaweka kucha juu ya mshono wa kiuno, akanieleza kwa nini kitambaa kile kilimsumbua siku ile. Nilikaa kumsikiliza mpaka kahawa ikapita mara mbili.

Tangu hapo desturi hii ya kuamua kabla imenifuata hadi nje ya picha. Nikienda kumwona shangazi yangu, ambaye sasa hatoki ndani, nakata shauri nikiwa bado barabarani: nitakaa mpaka baada ya alasiri, simu nitaizima mlangoni, ninachompa nimeshakitenga. Zamani nilikuwa nayapima hayo nikiwa nimekaa mbele yake, naye huona. Anaona mtu anapochungulia saa. Sasa akianza kusimulia habari za Tanga ya utoto wake sina hesabu nyingine kichwani, na yeye anasimulia kwa kirefu zaidi. Msibani vivyo hivyo. Mchango uamuliwe nyumbani, ili ukifika uwe na mfiwa, usiwe na pochi yako.

Jua nalo linataka kuamuliwa mapema. Elmar yangu haina ule utando wa kuzuia mng'ao ambao lenzi zilianza kupakwa baadaye. Ina vioo vinne tu, viwili vikiwa vimegandishwa pamoja, kwa hiyo nyuso zinazokutana na hewa ni sita, na kila uso usiopakwa hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga. Huo mwanga uliorudishwa huzurura ndani ya lenzi na kutua penye kivuli kama ukungu mwembamba. Berek angetumia vioo vingi zaidi, bila utando huo picha zingezidi kuoshwa na mwanga. Ubahili wake ndio ulioiokoa kazi. Kabla sijamsalimu mtu naangalia jua liko wapi, na likiwa mbele yangu naikinga lenzi kwa kiganja.

Wengi huuita mng'ao huo udhaifu. Mimi nimeuona ukitenda kazi njema jua la Dar es Salaam likiwa utosini. Saa saba mchana, mtu mweusi aliyevaa kofia, lenzi kali za leo humpa paji jeupe na macho yaliyozama gizani. Mwanga ule unaozurura ndani ya Elmar hukiinua kivuli kidogo, na macho yanaonekana. Kwa nyuso zetu na jua letu, sijapata lenzi ya kisasa ninayoiamini zaidi saa hiyo.

Adui yake mkubwa pwani hii ni unyevu. Lenzi iliyofungiwa kabatini huota ukungu ndani ya vioo, na ukikolea hula kioo chenyewe. Dawa ni kuitoa, ipate hewa, ifanye kazi. Ndiyo maana sina uchoyo nayo. Sasa hivi iko Bagamoyo kwa mpwa wangu, anawapiga picha mafundi wanaochonga mashua.