Momonik za Upande wa Barabarani

Ua wa kogo, nyanya yetu, ulikuwa na pande mbili, na upande uliozaa zaidi ni ule wa barabarani. Tukitoka shule, huko kwetu Konoin, tulikuwa tukifika hapo tunavua sweta, tunafunga mikono yake fundo na kuigeuza kuwa mfuko. Jioni mama hakuwa na haja ya kuuliza tulikopitia. Aliitazama sweta tu, yenye madoa ya zambarau yasiyotoka hata kwa sabuni ya mche.

Matunda hayo tuliyaita momonik. Wataalamu wa mimea huiita jamii yake Rubus, nayo ni ya ukoo mmoja na waridi. Kwenye milima ya Afrika Mashariki ziko za aina kadhaa, kama vile Rubus steudneri na Rubus apetalus. Ukiliangalia tunda kwa karibu utaona ni matunda madogo mengi yaliyoshikamana, kila moja na kokwa yake ndani. Linaanza kijani, linakuwa jekundu, halafu linaiva jeusi. Kogo alitufundisha kulijaribu kwa ncha ya kidole: “Ukilivuta likikataa, liache. Bado si lako.”

Naikumbuka siku baba alipokuja na panga kuufyeka ua ule kwa sababu matawi yalikuwa yameanza kunyakua nguo za watu. Kogo alimruhusu kukata upande wa ndani. Wa nje alimkataza. “Huo ni wa wapita njia,” alisema, akarudi zake jikoni kutengeneza mkaa wa mursik, maziwa yetu ya mgando. Baba akaweka panga chini.

Siwezi kuitaja siku momonik zilipotoweka, maana hazikung'olewa kwa siku moja. Ziliondoka kidogo kidogo, na kila mara kwa sababu iliyoeleweka. Mashamba makubwa ya chai yalianza Kericho miaka ya 1920, lakini kwa muda mrefu zao hilo halikuwa la Mwafrika. Ilipoundwa KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, mwaka 1964, wakulima wadogo wakapata nafasi ya kupanda na kuuza majani yao, na kila familia ikawa inahesabu mistari. Mstari mmoja wa chai kandokando ya ua ni karo ya muhula. Nani angeuacha kichaka cha miiba kikae mahali pa karo?

Kisha, mwaka 1986, yakaja maeneo ya Chai ya Nyayo, ukanda wa chai uliopandwa kwenye mipaka ya msitu ili watu wasiendelee kuumega. Nia ilikuwa kuulinda msitu, na msitu wetu wa Mau ulihitaji kulindwa. Lakini ukingo wa msitu, pale jua na kivuli vinapokutana, ndipo momonik hupenda kuota. Baada ya hapo ardhi ya baba ikagawanywa kwetu sisi wana, na kila mmoja akaweka ua wake: huyu kayaba, yule seng'enge. Watu walipochoka kupalilia vijia kwa jembe, ikaja dawa ya magugu. Momonik zilikufa pamoja na majani mengine, na sidhani kuna aliyekusudia kuziua. Mimi mwenyewe nilibeba pampu ya dawa hiyo mgongoni.

Kogo alikuwa ameshatutoka miaka mingi binti yangu aliponishtua. Tulikuwa kwenye supamaketi Nairobi, akaona beri nyeusi zimepangwa katika kisanduku cha plastiki, chache kama vidonge vya hospitali. Nikamwambia kwamba nikiwa na umri wake nilizila bure mpaka tumbo likauma. Akataka nimwonyeshe. Likizo ilipofika nikampeleka nyumbani, tukazunguka tangu asubuhi hadi wakati wa chai ya saa kumi: barabara ya shule, mpaka wa shamba la baba, njia ya kwenda kituo cha kupimia majani. Hatukupata hata tawi moja. Alinishika mkono akasema, “Baba, labda uliota.” Maneno hayo yaliniingia.

Siku ya tatu nilikikuta kichaka kimoja bondeni, kando ya kijito kinachoteremka kuelekea mto Kipsonoi, mahali pasipofika jembe wala pampu. Nikaamua kukipeleka nyumbani.

Watu wa chai tunajua njia moja ya kuzalisha mmea. Mama alifanya kazi ya kitalu nusu ya maisha yake, naye ndiye aliyenifundisha: unakata kipande cha tawi chenye jani moja na pingili fupi chini yake, unakichomeka kwenye kifuko cha nailoni chenye udongo wa chini usio na mbolea, unamwagilia, kisha unafunika kitalu kizima kwa nailoni chini ya kivuli kwa miezi mitatu hivi. Hivyo ndivyo ilivyoenea 6/8, aina ya chai iliyotokana na utafiti wa hapa jirani, Kericho. Kila mche wake ni kipande cha kichaka kile kile cha kwanza.

Nikakata vipande arobaini vya momonik, nikavifanyia yote hayo. Wiki ya pili majani yakalegea. Wiki ya tano nilipovivuta vilitoka vyeusi, vimeoza. Nikajaribu mbegu, nikakamua matunda na kuzikausha juani. Hakikuota kitu. Kokwa zile ni ngumu, na huko porini hupita kwanza kwenye tumbo la ndege.

Nilirudi bondeni, safari hii na mama. Hakugusa kitu. Alikizunguka kichaka polepole, kisha akainama na kuniita. Tawi refu la mwaka ule lilikuwa limepinda kama upinde mpaka ncha ikagusa ardhi. Ncha yenyewe ilikuwa imebadilika: imenenepa, imepauka, majani yake yamekuwa madogo kama masikio ya panya, na imeingia udongoni. Mama akafukua kwa kidole. Chini kulikuwa na mizizi myeupe, myembamba kama nyuzi, imekwisha kuushika udongo.

“Chai tunaikata kwa sababu haijui kuinama,” alisema. “Huyu anajipanda mwenyewe. Wewe mshikie tu.”

Tangu siku hiyo sikukata tena vipande. Mvua ikiwa nzuri, nachagua tawi changa na refu, nachimba shimo la kina cha vidole vinne pale ncha inapoweza kufika, naizika na kuikandamiza kwa jiwe ili upepo usiing'oe. Tawi linabaki limeungana na mama yake, linanyonya kwake. Baada ya miezi miwili au mitatu navuta kidogo. Likikataa, mizizi imeshika. Hapo ndipo nalikata kama kitovu, naacha shibiri moja ya shina iwe mshikio, nauhamisha mche na bonge lake la udongo. Kichaka cha bondeni sijakichimba. Kimenipa ncha tu, na kingali pale.

Kuzitunza ni kazi ya mkono. Tawi likishazaa hunyauka, kwa hiyo nalikata chini kabisa ili machipukizi mapya yapate nafasi, nayo nayafunga kwenye waya wa nguzo mbili. Mvua ya mawe, tunayoijua sana wakulima wa huku, huweza kuyapukutisha matunda yote alasiri moja. Shore nao huchukua fungu lao, na hilo nimelikubali. Ncha nazikagua kila mwezi, maana isiyoangaliwa hutembea hadi kwenye chai. Kule visiwa vya Galápagos, ndugu yake kutoka Asia, Rubus niveus, alipelekwa kwa ajili ya matunda yake akageuka gugu la kutisha. Ndiyo sababu nilikitafuta kichaka cha bondeni, wala sikuagiza mche wa mbali. Hiki kilikuwa hapa kabla ya chai na kabla yetu.

Leo nina vichaka kumi na kimoja, na majirani wanne wamechukua miche yao. Mpaka wa shamba langu una mita kama hamsini zinazotazama barabara. Hapo nimeng'oa mstari mmoja wa chai. Kaka yangu aliniuliza nimepiga hesabu gani, nikamwambia ukweli: nimepoteza kilo za majani kila mwezi, nami nimekubali. Vichaka vyote nimevipanda kwa nje ya waya.

Juma lililopita nilikuwa nikichuna majani karibu na hapo nikasikia sauti za watoto wanaotoka shule. Nilijikunyata nyuma ya chai nisije nikawafukuza. Mmoja, mdogo kuliko wote, alinyoosha kidole akalivuta tunda lililokuwa bado jekundu. Likakataa. Akaliacha, akaenda kwa lile jeusi la pembeni, huku sweta yake ikiwa imefungwa fundo mikononi.