Usiniulize Apu Inajengwa kwa Siku Ngapi

Wasee, kila nikifungua inboksi napata swali moja: "Nijifunze Bubble ama nijifunze GitHub Actions?" Leo najibu mara moja, halafu tusonge mbele.

Kwanza, hizo mbili hazifanyi kazi moja. Bubble, FlutterFlow, Glide na AppSheet ni zana za kujenga. Unaburuta kitufe, unapanga fomu, unaunganisha na jedwali, na msimbo mwingi unashughulikiwa chini ya maji. GitHub Actions, GitLab na Jenkins hazikujengei apu. Hizo ni za kusafirisha. Ukishaandika msimbo, zinaupitisha kwenye majaribio, kisha zinaupeleka hadi kwenye seva bila mtu kunakili faili kwa mkono. Kuuliza ipi ni bora ni kama kumlinganisha seremala na mwenye pikapu ya kubeba kitanda.

Lakini naelewa swali linatoka wapi. Kama mko watatu na bajeti yenu ni ya chai na mandazi, lazima mchague mtatumia muda wenu wapi. Na hapo ndipo naona watu wanapimia kitu kisicho. Video zote zinajisifu, "Nimejenga apu kwa wikendi moja!" Sawa, hongera. Sasa niambie Jumatatu ikiharibika unafanya nini.

Tuseme umejengea chama cha wamama 30, kila mmoja anachanga Sh500 kwa wiki. Kwa AppSheet juu ya Google Sheets, hiyo kitu unaimaliza haraka, na sioni haja ya kuhangaika na seva. Mimi mwenyewe niliacha chuo, kwa hivyo hutanisikia nikiwacheka wanaojenga bila digrii. Zana hizi zimewafungulia wengi mlango.

Ijumaa unabadilisha hesabu ya faini. Alama moja imekaa vibaya, na jioni wamama wote 30 wanasoma kwamba wanadaiwa. Simu zinaanza kuingia. Saa hiyo hakuna anayejali ulijenga kwa siku ngapi. Maswali ni mawili tu: nani aliyaangalia mabadiliko kabla hayajawafikia, na itakuchukua dakika ngapi kurudisha toleo la jana?

Zana za kuburuta zina majibu, ila ya kiasi. Bubble inatenganisha upande wa majaribio na ule wa hewani, na unaweza kurudi kwa hali ya awali, ingawa umbali wa kurudi unategemea mpango unaolipia. AppSheet pia inaweka historia ya matoleo. Lakini shika hili: kurudisha apu si kurudisha data. Kama faini tayari zimeandikwa kwenye jedwali, zitabaki pale pale zikikungoja uzifute.

Upande wa pili, ukiwa na msimbo wako kwenye Git, kila badiliko lina jina la aliyelifanya na saa yake. Unaweza kupanga GitHub Actions ifanye hesabu ya faini kwa mifano mitano kabla ya kupeleka chochote. Mmoja ukifeli, mlango haufunguki. Mpango wa bure unakupa dakika 2,000 kwa mwezi hata kwa msimbo wa faragha. Kwa kikundi kidogo hizo zinatosha kuanzia. Shida ni kwamba hiyo mifano mitano lazima uiandike wewe. Zana haijui faini ya chama chenu ni ngapi.

Na usidhani wenye pesa hawaanguki hapa. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya hisa ya Knight Capital huko Marekani ilikuwa imepeleka msimbo mpya kwa seva zake nane. Fundi alisahau seva moja. Hiyo moja ikaamsha msimbo wa zamani uliokuwa umelala miaka, na kwa dakika kama 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 400. Kibaya zaidi, walipojaribu kuokoa hali, walitoa msimbo mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sawa, na moto ukazidi. Manze! Kurudi nyuma nako kunahitaji mazoezi.

Kuna siku mbaya ya aina nyingine pia: zana yenyewe kufungwa. Google ilikuwa na kijenzi kinachoitwa App Maker. Januari 2020 walitangaza kwamba kitazimwa, na Januari 2021 kikazimwa. Apu za watu hazingeweza kuhamishwa moja kwa moja. Ilibidi kujenga upya kwingine. Linganisha na Heroku, walipoondoa mpango wa bure Novemba 2022. Wengi walilalamika, lakini mwenye msimbo wake aliubeba akatafuta seva kwingine. Ndiyo maana nauliza mapema: FlutterFlow inakuruhusu kutoa msimbo ukilipia, Bubble hairuhusu.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kama ni fomu, orodha, ama wazo unalojaribu kwa watu kumi, buruta na udondoshe bila aibu. Siku apu inaanza kugusa pesa za watu, ama mnakuwa wawili mnaobadilisha kitu kimoja, hamia kwa msimbo na mlolongo wa kuupeleka hewani, hata kama ni mdogo. Na kwa vyovyote vile, kabla ya kumkabidhi mteja, haribu kitu makusudi kwenye nakala ya majaribio, uwashe saa, kisha ukirudishe.

Ikikuchukua dakika tano, chukua hiyo doo ya mteja kwa amani. Ikikuchukua siku nzima, bado hujamaliza kazi.