Twende Kasese na Bwera: nchi ya theluji, chumvi na marimba

Mwezi huu tunatembea kidogo. Kati yetu wapo wengi tulioingia Uganda kwa mpaka wa Mpondwe, tukapita Bwera na Kasese na watoto wamelala magotini, wala hatukuangalia kushoto wala kulia. Safari ya namna ile si matembezi. Lakini mahali ni palepale, na mtu akirudi na moyo uliotulia ataona mambo mengine kabisa.

Kuna wanaosema kutalii ni kazi ya wazungu wenye kamera. Jamani, si kweli. Vitu vingi vya Kasese vinaonekana kwa nauli tu. Tena kimoja hakionekani, kinasikika: ni muziki wa Wakonzo. Huo tumeuweka mwisho, maana unatuhusu sisi na watoto wetu zaidi ya vyote.

MLIMA WENYE THELUJI

Ukitoka Fort Portal, barabara inashuka kusini kama kilomita 75 hivi hadi Kasese, na milima ya Rwenzori inakufuata mkono wa kulia njia nzima. Kilele cha juu, Margherita, kina mita 5,109. Ni cha tatu Afrika, baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Kupanda hadi juu ni gharama kubwa na ni siku nyingi, hilo tuwaachie wenye pesa. Wewe amka mapema. Mara nyingi mlima unajifunika mawingu, lakini kuna asubuhi unajifunua, na ukiwa mjini unaona weupe kule juu.

Wenyewe wanaita theluji nzururu, na kwa imani ya zamani huko juu ndiko anakokaa Kithasamba, mwenye mlima. Waeleze watoto pia kwamba barafu hiyo inakwisha. Mwaka 1906, wazungu walipofika kileleni mara ya kwanza, ilikuwa zaidi ya kilomita 6 za mraba. Leo haifiki hata 1. Mtoto anayeiona sasa atakuwa na la kuwasimulia wajukuu wake.

KILEMBE NA MTO NYAMWAMBA

Karibu na mji wa Kasese kuna bonde la Kilembe, ambako shaba ilichimbwa kuanzia miaka ya 1950. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, shaba ikapelekwa Jinja kuyeyushwa. Kazi hiyo ilikufa zamani, treni nayo haiji tena, lakini nyumba za wafanyakazi na mitambo ya zamani bado vinaonekana bondeni. Angalia pia mawe makubwa kando ya mto Nyamwamba. Mto huo ulifurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ukabeba nyumba za watu. Wenyeji wengi wa bonde hilo wanajua maana ya kukimbia usiku bila kitu mkononi. Ukizungumza nao utaona mnaelewana haraka.

BARABARA INAYOPITA KWA WANYAMA

Kutoka Kasese kwenda kusini, barabara kuu inakata katikati ya mbuga ya Queen Elizabeth. Hapo hulipi kiingilio cha mbuga, uko kwenye basi lako tu. Waambie watoto wakae dirishani: nyati, swala, na ukiwa na bahati hata tembo, wanakula majani karibu na lami. Lakini usishuke kupiga picha. Mnyama hajui kama wewe ni mgeni.

Huko Kikorongo kuna alama ya Ikweta, mstari unaogawa dunia nusu mbili. Mtoto anasimama mguu mmoja kaskazini, mguu mwingine kusini. Hilo ni somo la jiografia ambalo hatalisahau hata mtihani ukiisha. Mbele zaidi, Katunguru, daraja linavuka mfereji wa Kazinga unaounganisha ziwa George na ziwa Edward. Viboko wamejaa humo. Na ziwa Edward ni lilelile ambalo wavuvi wetu wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanalijua.

CHUMVI YA KATWE

Kwenye mbuga hiyo hiyo kuna mji mdogo wa Katwe, na pembeni yake ziwa la chumvi. Ukiliangalia kutoka juu linafanana na shamba lililogawanywa vipande vipande. Kila kipande kina mwenyewe, na vingine vinarithiwa ndani ya familia. Jua likiwa kali maji yanakauka, chumvi inabaki, wanaume na wanawake wanaingia kuitoa kwa mikono. Ni kazi ngumu, inachubua ngozi. Kuna kiwanda kikubwa kilijengwa pale, mitambo ikaliwa na chumvi yenyewe, kikasimama. Mikono ya watu ndiyo imeendelea hadi leo.

Chumvi hii ilitafutwa na wafalme tangu zamani, na biashara yake ilifika Kongo kabla hakujawa na mpaka wowote. Bibi zetu wengine waliipikia sombe bila kujua imetoka Katwe.

BWERA, SIKU YA SOKO

Sasa twende Bwera. Soko la Mpondwe linajaa zaidi Jumanne na Ijumaa. Utakuta maharage, unga, samaki, kahawa, vitenge na mawese ya kwetu. Utasikia Kikonzo, Kinande, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, wakati mwingine kwa mtu mmoja huyohuyo anayetafuta bei. Mto Lhubiriha ndio mpaka, na upande wa pili ni Kasindi. Hata saa zinabadilika: Mpondwe ikiwa saa nne asubuhi, Kasindi ni saa tatu. Watoto wanafurahia sana habari hiyo.

Lakini Bwera si mahali pa kucheka tu. Tarehe 16 Juni 2023 waasi walivamia shule ya sekondari pale Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Kwa hiyo ukiona ulinzi mwingi usikasirike. Na ukikuta familia inayoomboleza, wape pole kama ambavyo sisi tungependa kupewa.

MUZIKI USIOJUA MPAKA

Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu. Mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji walipatana mpaka upite juu ya milima, watu wakaamka wako nchi mbili. Lugha haikukatika. Ukimsalimia mtu wa Bwera asubuhi "Wabukire", na ukimshukuru "Wasingya", hata mtu wa Butembo anaelewa.

Na ngoma haikukatika. Kuna endara, marimba makubwa ya mbao. Vipande vya mti vinalazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, halafu watu kadhaa wanapiga kwa pamoja, chombo kimoja, na ngoma pembeni. Ukisimama karibu unasikia ardhi inatikisika. Kuna nyamulera, filimbi ya mtu mmoja, tamu sana mtu akiwa peke yake njiani. Na kuna eluma. Hizi ni filimbi nyingi, na kila mtu ana yake yenye sauti moja tu. Mmoja anapuliza, mwingine anajibu, wa tatu anaingia katikati, na wimbo unatokea. Asipokuwepo mmoja, wimbo una shimo.

Nyimbo zao zilibeba pia historia. Wakati wa mapambano ya Rwenzururu, yaliyotangazwa mwaka 1962, kwaya ziliimba madai ya watu, na wasiojua kusoma wakajua kinachoendelea. Serikali iliutambua ufalme huo mwaka 2009. Novemba 2016 damu nyingi ilimwagika Kasese, zaidi ya watu 100 walikufa. Mfalme alirudi nyumbani Oktoba 2023. Kwa hiyo mzee akikuimbia wimbo wa zamani, sikiliza kwa heshima, na usiulize siasa kabla ya kuulizwa.

Ili kusikia muziki huu si lazima ununue tiketi. Uliza tu wenyeji: kuna arusi wapi, kuna sherehe ya kanisa au ya kimila wapi. Mgeni anayesalimia vizuri hafukuzwi. Jioni, kwenye maduka ya Bwera, utasikia pia rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021. Hiyo watoto wetu wanaijua, simu zinawafundisha. Endara na eluma hakuna simu inayowafundisha.

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Katika kambi yetu wamo wazee wanaojua vitu hivi, kila mmoja kwenye kibanda chake. Ni kama watu wa eluma waliotawanyika: kila mmoja amebaki na sauti yake moja. Na si Wanande pekee. Kila kabila hapa lina ngoma yake ambayo mtoto aliyezaliwa kambini hajaisikia. Kama una uwezo wa kwenda Kasese, nenda na mtoto, na kama inawezekana nenda na mzee pia. Kama huna nauli, anza hapa hapa: Jumapili mchana waite wazee wawili watatu, watoto wakae chini wasikilize.

KABLA YA KUONDOKA

- Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini, lakini kuna masharti. Pita kwanza ofisi ya kambi, uulize kibali.
- Beba kitambulisho chako na karatasi ya familia yenye majina ya watoto.
- Bei ya gari patana kabla ya kupanda.
- Usivuke daraja la Mpondwe kwa sababu tu unaona kwenu. Inaweza kukuletea shida ya usalama na ya hadhi yako ya ukimbizi. Uliza kwanza.
- Beba maji, kofia na sweta. Katwe jua linachoma, na jioni karibu na mlima kuna baridi.

Mtakaokwenda, mkirudi mtuletee habari tuziweke hapa. Na wazee mnaojua kupiga au kuimba, tuambieni mnakaa block gani, watoto wawafuate. Safari njema, na Mungu awalinde njiani.