Safari ya Kilomita 192

Mara ya kwanza kusafiri kwenda Morogoro nilikuwa darasa la saba. Tulipanda basi Ubungo alfajiri, mimi na mjomba, na tulipoipita Mlandizi usingizi ukanichukua.

Nilizinduka Chalinze kwa sauti za wachuuzi wa machungwa waliolizingira basi.

"Tumefika, mjomba?"

"Bado. Ulipolala tulikuwa tumemaliza theluthi ya safari. Ukiwa usingizini tumekwenda robo yake. Zimebaki kama kilomita 80. Haya, safari nzima ni kilomita ngapi?"

Akanipa kalamu, nikageuza tiketi na kuandika mgongoni:

x/3 + x/4 + 80 = x

Mlinganyo ulikuja upesi. Kilichonitisha ni zile sehemu, maana shuleni nilikuwa nikiziruka. Nilikumbuka kwamba Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha 3 na 4 ni 12, nikazidisha: 4x + 3x + 80 = 12x. Kwa hiyo 5x = 80, na x = 16.

Mjomba aliitazama tiketi, kisha akanionyesha konda aliyekuwa akidai nauli kwa waliopandia pale.

"Konda anamruka nani?"

"Hamruki mtu."

"Basi 12 yako imemruka 80."

Nikaanza upya, taratibu. 12 mara x/3 ni 4x. 12 mara x/4 ni 3x. 12 mara 80 ni 960. Upande wa pili, 12x. Sehemu zote zikatoweka:

4x + 3x + 960 = 12x
960 = 5x
x = 192

"Sasa lirudishe jibu kwenye swali," akasema. Theluthi ya 192 ni 64, robo yake 48, jumla 112. Ukiongeza 80, unapata 192. Hapo nikaona kwamba lile jibu la kwanza lilijikana lenyewe: safari nzima iwe kilomita 16, ilhali 80 bado ziko mbele?

Sikusinzia tena mpaka Milima ya Uluguru ilipojitokeza na basi likaingia Msamvu.

Mwanafunzi unayeogopa sehemu, usizikimbie. Tafuta KDS cha asili zote, zidisha kila kilichomo pande zote mbili bila kuruka hata namba nzima, kisha hakiki jibu lako. Mlinganyo uliokutisha utabaki wa namba nzima tu.