Piano ya parokia yapata vibonyezo vipya, na swali la pembe

Leo siwaletei habari za barabara wala bei ya unga. Nawaletea habari ya piano kuukuu ya parokia moja hapa Bukavu, kwa sababu kwa majuma mawili swali moja limezunguka mtaani: familia zinalala chini ukumbini, kwa nini watu wanakaa kubandika vibonyezo vya piano? Swali hilo ni la haki. Nami nilikuwa kati ya waliobandika, basi ni juu yangu kujibu.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Piano kamili ina vibonyezo 88, au tushi kama wanakwaya wetu wanavyosema: vyeupe 52 na vyeusi 36. Kila kibonyezo ni ubao mrefu, na ule weupe ni kipande chembamba kilichobandikwa juu yake. Vya piano hii vilikuwa vya pembe ya tembo. Kuvitambua si vigumu: kila kibonyezo kina vipande viwili, kipana mbele na chembamba nyuma, na mstari mdogo pale vinapokutana. Plastiki huwa ni kipande kimoja. Vibonyezo 19 vilikuwa wazi kabisa, na vingine vimepasuka hata vikawachana watoto vidole.

Kazi iliongozwa na mzee mmoja seremala, aliyekimbia kutoka Masisi na watu saba wa nyumba yake. Piano hakuwahi kuigusa, lakini mbao anazijua.

Alianza kwa kuandika namba kwa penseli juu ya kila ubao kabla ya kuuchomoa, maana mbao zinafanana kwa macho lakini kila moja imekatwa kwa mahali pake. Kisha tukaweka kitambaa chenye unyevu juu ya pembe, tukapitisha pasi ya makaa taratibu mpaka gundi ya zamani ikalegea, naye akaingiza kisu chembamba chini yake. "Papa, maji yasizidi," aliniambia. "Ubao ukinywa maji unavimba, halafu kibonyezo kinakwama."

Vipande vipya vya plastiki vina unene wa karibu milimita 2, na pembe ilikuwa karibu milimita 1 tu. Ukibandika hivyo hivyo, vyeupe vitapanda juu kuliko inavyotakiwa kando ya vyeusi. Kwa hiyo mzee alipunguza kila ubao kwa tofauti ile ile. Msasa aliufunga kwenye kigogo kilichonyooka. Ukiushika kwa vidole tu, kingo za ubao zinakuwa mviringo na kipande hakikai sawa.

Gundi tuliyotumia ni ile ya washona viatu. Kwanza tuliijaribu kwa kipande kimoja cha ziada usiku mzima, kwa kuwa gundi nyingine huyeyusha plastiki. Unapaka nyembamba pande zote mbili, unangoja mpaka isinate kwenye kidole, ndipo unakutanisha. Zikigusana, hakuna kusogeza tena. Mzee alitengeneza kizuizi kidogo cha mbao mbele, ili kila kipande kitue kwenye mstari mmoja. Mwishoni alipitisha tupa pembeni, vibonyezo visikwaruzane.

Siku ya tatu mtu alikuja kutaka kununua pembe zilizotolewa. Alitaja dola, na mzee ana mjukuu mgonjwa. Tulinyamaza wote. Mzee akasema, "Dawa naitaka, lakini si kwa njia hii. Kesho atauliza kama kuna nyingine porini." Alisema kweli. Tembo analindwa na sheria za nchi yetu, na mwaka 1989 nchi za mkataba wa CITES ziliamua kuzuia biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika. Siku ile ile kamati ilimlipa mzee nusu ya ujira wake, dawa ikapatikana.

Kuna jambo la zamani zaidi. Katika karne ya 19 misafara ya Tippu Tip na wenzake kutoka Zanzibar ilifika Kasongo na Nyangwe, huko Maniema. Pembe zilitoka huko mabegani mwa watu, wengi wao mateka, mpaka pwani. Nyingi za Zanzibar zilivuka bahari hadi jimbo la Connecticut, Marekani, ambako viwanda vya Deep River na Ivoryton vilizikata kuwa vipande vya piano na kuvianika katika nyumba za vioo ili jua livifanye vyeupe. Kiswahili chetu cha Maniema nacho kilifika kwa misafara hiyo hiyo. Watu wa huku wanafahamu maana ya kuondoka nyumbani na mzigo kichwani, kwa hiyo pembe hizi hatukuzihesabu kama takataka. Zimehesabiwa, zimeandikwa, na zimefungiwa kwenye sanduku la parokia. Haziuzwi.

Sasa nijibu swali la mtaa. Chakula cha familia za ukumbini hakikuguswa. Fedha zilitoka kwa wanakwaya wenyewe. Ujira ulikwenda kwa mkimbizi mwenye ufundi, ambaye tangu afike alikuwa anapewa tu, bila kuombwa kutoa. Na watoto watatu wa ukumbini wameanza kujifunza. Mama yao aliniambia kuwa ni mara ya kwanza tangu wakimbie kuwasikia wakigombana juu ya zamu, wala si juu ya sahani.

Mazoezi ya watoto ni kila Jumamosi baada ya saa nane mchana, bila malipo. Na kama katika ukumbi au nyumba uliyopokelewa kuna seremala, fundi cherehani au fundi viatu, mpeleke kwa kamati aandikishe jina lake. Viti vya shule vilivyovunjika ndivyo vinavyofuata.